Taarifa ya Kuondoa: Historia ya Fomu ya Malalamiko ya Hakimiliki kutoka California hadi Afrika Mashariki

Mwandishi anayeikuta kazi yake imenakiliwa katika tovuti ya mtu mwingine hupewa ushauri uleule popote alipo, awe Kampala, Goma au Mombasa: aipelekee kampuni inayohifadhi tovuti hiyo taarifa ya kuondoa. Fomu yenyewe ni fupi, na kwa mtazamo wa haraka ni karatasi ya ofisini tu. Hoja ya makala hii ni kwamba fomu hiyo ina historia. Ilitungwa ili kumaliza ugomvi wa makundi mawili ndani ya nchi moja, na masharti yaliyokuwa mepesi huko yaligeuka kuwa mazito, na wakati mwingine ya hatari, yalipowafikia watumiaji wa Kiswahili.

Kabla ya fomu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria za Marekani hazikuwa na jibu la swali jepesi: mtu akiweka kazi ya mwingine katika kompyuta ya kampuni inayotoa huduma, nani amekosa? Katika kesi ya Playboy dhidi ya George Frena, iliyoamuliwa Florida mwaka 1993, mwenye mtambo wa ubao wa matangazo wa kielektroniki alijitetea kwamba picha 170 zilizolalamikiwa ziliwekwa na wateja wake, na kwamba aliziondoa mara alipoitwa mahakamani. Utetezi huo haukumsaidia. Mahakama iliona kwamba kutojua hakumwondolei mtu dhima ya kukiuka hakimiliki. Kama msimamo huo ungedumu, hakuna kampuni ambayo ingethubutu kuhifadhi maandishi ya umma bila kuyasoma yote kwanza.

Miaka miwili baadaye ilikuja kesi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo chimbuko halisi la taarifa ya kuondoa. Dennis Erlich, aliyewahi kuwa mhudumu wa Kanisa la Scientology na kisha akawa mkosoaji wake, alikuwa akiweka maandiko ya kanisa hilo katika kikundi cha majadiliano cha Usenet. Kanisa lilimtaka mwenye ubao aliotumia Erlich, na pia kampuni ya Netcom iliyouunganisha ubao huo na intaneti, wamfungie. Netcom ilikataa ikisema kwamba kumfungia mmoja kungewafungia mamia ya watumiaji wengine wa ubao huo. Novemba 1995 Jaji Ronald Whyte wa California aliamua kwamba mtambo unaonakili wenyewe bila uamuzi wa binadamu haumfanyi mwenyewe kuwa mkiukaji wa moja kwa moja. Lakini akiisha kuarifiwa na asichukue hatua, anaweza kuwajibika kama msaidizi wa ukiukaji. Kuanzia hapo barua ya malalamiko ilipata nguvu mpya: ndiyo iliyomhamisha mwenye mtambo kutoka hali ya kutojua hadi hali ya kujua.

Inafaa kukumbuka kwamba chimbuko hilo halikuwa kesi ya mtunzi maskini aliyeibiwa kitabu. Lilikuwa shauri la taasisi yenye uwezo iliyotaka kumzuia mkosoaji wake. Nitarudi kwenye jambo hili.

Mapatano ya 1998

Serikali ya Marekani ilikuwa imependekeza, katika waraka wa Septemba 1995 ulioongozwa na Bruce Lehman, kwamba watoa huduma wabebe dhima kamili. Kampuni za simu na za intaneti zilipinga, nyumbani na Geneva vilevile, ambako mkataba wa hakimiliki wa WIPO ulipitishwa tarehe 20 Desemba 1996 ukiwa na kauli kwamba kutoa mitambo pekee si kuwasilisha kazi kwa umma. Ubishi ulimalizwa kwa mapatano, na mapatano hayo yakawa kifungu cha 512 cha Sheria ya Hakimiliki, kwa kupitia sheria ya DMCA iliyotiwa saini na Rais Clinton tarehe 28 Oktoba 1998.

Mlalamikaji atie saini, aitaje kazi yake, aonyeshe mahali hasa nakala ilipo, atoe anwani yake, na aseme kwamba anaamini kwa nia njema kuwa matumizi yale hayana idhini. Mtoa huduma akiondoa haraka, hashitakiki. Aliyeondolewa kazi yake anaweza kupeleka taarifa ya kupinga. Mlalamikaji asipofungua kesi, kazi hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Kuna nukta moja ambayo wengi huipita bila kuiona: adhabu ya kiapo cha uongo inagusa dai la mlalamikaji kwamba ana mamlaka ya kusema kwa niaba ya mwenye haki, wala haigusi kila neno alilojaza katika fomu. Mtu aliyedhurika na taarifa ya uongo amepewa njia ya kudai fidia, lakini ni kwa kufungua kesi. Kampuni ya Diebold ilidaiwa hivyo baada ya kutumia taarifa za hakimiliki kuzuia barua pepe zake zilizofichua kasoro za mashine zake za kupigia kura. Mwaka 2004 mahakama ya California iliamua dhidi yake, ikalipa dola 125,000. Walioshinda walikuwa na mawakili, na mahakama ilikuwa katika nchi yao.

Kwa kampuni kubwa fomu hiyo ilichakaa upesi. YouTube ilianza mwaka 2007 kutumia Content ID, mfumo unaolinganisha video na hazina ya wenye haki bila mtu kujaza chochote. Mtunzi mdogo, ambaye riwaya yake imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa, amebaki na fomu ya 1998: ataje anwani moja baada ya nyingine, huku nakala mpya ikiwekwa kwingine kabla hajamaliza.

Kuingia Afrika

Afrika Kusini ilitunga utaratibu wake katika Sheria ya Mawasiliano na Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2002, kifungu cha 77. Uganda ilifuata kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011, na Tanzania kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 45. Ukiziweka pamoja, undugu unaonekana: saini, anwani, maelezo ya haki iliyokiukwa, kauli ya nia njema. Kilichopanuka ni upeo. Kifungu cha Tanzania hakikuishia kwenye hakimiliki bali kinagusa maudhui na vitendo vyovyote vilivyo kinyume cha sheria, hivyo chombo kilichotungwa kwa ajili ya ugomvi wa mali kikawekwa pia mikononi mwa yeyote anayelalamikia kauli.

Kenya ilichukua njia ya makini zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yaliweka muda wa saa 48, yakaruhusu taarifa ya kupinga izuie uondoaji badala ya kuufuata, na yakaifanya taarifa ya uongo kuwa kosa la jinai. Kwenye karatasi ni maendeleo. Lakini majukwaa wanayoyatumia Wakenya yana makao Marekani, na fomu wanazozitoa ni za kifungu cha 512.

Fomu inapotumiwa na asiye mwenye kazi

Tarehe 2 Desemba 2021 Twitter ilitangaza kwamba imefunga mtandao wa akaunti 268 zilizokuwa zikipeleka malalamiko ya nia mbaya dhidi ya wanachama na wafuasi wa FichuaTanzania na mwanzilishi wake. Wachunguzi wa Stanford Internet Observatory waliopewa data hizo walieleza mbinu iliyotumika. Maandishi au picha kutoka kwa mwanaharakati zilinakiliwa katika tovuti mpya ya WordPress, zikapewa tarehe ya nyuma ili zionekane zimetangulia, kisha mwenye tovuti akamshtaki mwanaharakati kwamba ameiba. Neno „wizi“ hapa limepinduka kabisa: aliyenakili ndiye mlalamikaji, na mwenye kazi ndiye mshukiwa.

Kwa nini mbinu hiyo ilifaa? Jibu liko ndani ya masharti ya 1998. Kampuni haina wajibu wa kuchunguza ukweli wa tarehe. Kinga yake inatokana na kuondoa haraka. Ama taarifa ya kupinga, inamtaka anayepinga aandike jina lake, anwani na namba ya simu, akubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani hata kama anaishi ng'ambo, na nakala yake hupelekwa kwa mlalamikaji. Kwa mwenye duka wa Ohio hilo si neno. Kwa mwandishi anayeficha jina lake kwa ajili ya usalama wake, kujaza fomu ni kumkabidhi adui jina na mahali anapolala. Akinyamaza, malalamiko yanajumlishwa na akaunti inafungwa kwa sababu ya ukiukaji wa kurudia, sharti ambalo nalo limo katika kifungu cha 512.

Washauri wa sera katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wamekuwa wakijadili zaidi kasi ya uondoaji. Kasi haikuwa tatizo katika shauri hili. Uondoaji ulikuwa wa haraka mno. Kinachokosekana ni mtu wa kati. Ofisi za hakimiliki zilizopo, kama KECOBO ya Kenya na COSOTA ya Tanzania, zingeweza kupokea jina la anayepinga na kuthibitisha kwa jukwaa kwamba mtu huyo yupo na kazi ni yake, bila kumfichulia mlalamikaji hadi kesi ifunguliwe. Hilo lingetaka ofisi hizo ziwe huru kwa dola kiasi cha kuaminiwa na mkosoaji wa dola, na kwa sasa zote mbili ni vyombo vya serikali.