Sunnyside: Gavana Aliyehamia kwa Wenye Dhahabu

Neno "ikulu" tumelipata kutoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, ambao kwao lilimaanisha makao ya mtemi. Leo twalitumia kwa nyumba ya mkuu wa nchi yoyote, na mara nyingi tunasahau swali ambalo neno lenyewe linaliibua: mtawala amekaa karibu na nani, na mbali na nani? Johannesburg inalo jibu lake, nalo lina anwani.

Dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, mji ulichipuka ghafla kando ya migodi. Haikupita miaka kumi kabla matajiri hawajaukimbia. Walijenga kwenye kilima cha Parktown, upande wa kaskazini, majumba yao yakielekea milima ya Magaliesberg, huku kelele na vumbi la migodi vikibaki kusini. Mojawapo lilikuwa Sunnyside, lililojengwa mwaka 1895 kwa ajili ya Hennen Jennings, mhandisi Mmarekani aliyekuwa mshauri wa kampuni ya H. Eckstein, kubwa kuliko zote za dhahabu wakati huo.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilipokuwa vikiendelea, Alfred Milner, Kamishna Mkuu wa Uingereza Kusini mwa Afrika, alikabidhiwa pia utawala wa Transvaal. Makao makuu ya nchi hiyo yalikuwa Pretoria. Milner hakukaa Pretoria. Alichagua Johannesburg, na humo akachagua Sunnyside. Basi nyumba ya mhandisi wa migodi ikawa makao ya gavana, na majirani zake wakawa wale wale ambao serikali yake ingepaswa kuwatoza kodi na kuwasimamia.

Si haki kudai kwamba ujirani peke yake ndio uliotunga sera. Milner alikuwa na imani zake juu ya himaya na juu ya watu weupe kabla hajafika Parktown. Hata hivyo, tazama ni kilio cha nani kilichosikika. Baada ya vita, Waafrika wengi walikataa kurejea migodini kwa ujira uliokuwa umepunguzwa. Wenye migodi hawakutaka kuupandisha vya kutosha. Waliomba vibarua kutoka Uchina. Sheria ya kuwaruhusu ilipitishwa mwaka 1904, na Wachina zaidi ya 60,000 wakaletwa kwa mikataba mikali. Milner aliruhusu wachapwe viboko nje ya mahakama, jambo lililozua kashfa Uingereza mwaka 1906.

Kilio cha Waafrika kilipata jibu la namna nyingine. Mkataba wa amani wa tarehe 31 Mei 1902, uliotiwa saini na Milner pamoja na Kitchener, uliahirisha suala la kura ya Waafrika hadi nchi ipate serikali ya ndani. Serikali hiyo, iliyopatikana mwishoni mwa 1906, ilikuwa ya weupe. Wao ndio waliokuwa wa kuamua. Waafrika wa Transvaal walipiga kura katika uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza Aprili 1994.

Milner aliondoka mwaka 1905. Mbunifu majengo aliyemwita Transvaal, Herbert Baker, alikuwa akijenga Pretoria nyumba rasmi ya gavana, na ikulu ya Parktown ikafikia ukomo wake. Mikono hiyo hiyo ya Baker ilichora katika miaka ya 1920 nyumba ya gavana wa Kenya jijini Nairobi, ambayo sasa ni Ikulu. Kwa hiyo hadithi hii si ya mbali nasi kama ramani inavyodai.

Sunnyside baadaye iligeuzwa hoteli. Majirani zake wengi walibomolewa. Hohenheim, jumba la wakuu wa Eckstein, lilivunjwa ili kupisha hospitali kubwa ya umma. Hospitali hiyo leo inaitwa Charlotte Maxeke, kwa heshima ya mwanamke aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa wanawake walioandamana Bloemfontein mwaka 1913 kupinga kubebeshwa pasi. Juu ya kilima ambako gavana aliwasikiliza wenye migodi, sasa wagonjwa wa Johannesburg hupanga foleni chini ya jina lake.