Ukali Kabla ya Hesabu: Uchambuzi wa Hitilafu na Athari katika Machimbo Madogo ya Dhahabu Nzega

Uchambuzi wa hitilafu na athari ni utaratibu wa kuigawa kazi au kifaa katika sehemu zake kabla ya matumizi, na kuuliza juu ya kila sehemu inaweza kuharibika kwa namna gani, ikiharibika nani ataumia au nini kitapotea, chanzo cha uharibifu huo ni nini, na ipo njia gani ya kuubaini kabla haujaleta madhara. Utaratibu huu uliwekwa katika maandishi na jeshi la Marekani mwaka 1949, ukatumika katika safari za Apollo miaka ya 1960, kisha ukaenea katika viwanda vya magari, na kwa sababu ya nasaba hiyo umezoeleka kuonekana kuwa mali ya wahandisi wenye maabara na takwimu. Makala hii inashikilia kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega wanauhitaji kuliko kiwanda chochote, ila wanauhitaji bila ile hesabu ya kuzidisha ambayo kwa miongo mingi imefanywa kuwa kiini chake.

Wilaya ya Nzega iko kaskazini mwa mkoa wa Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, na chini yake umelala ukanda wa miamba ya kale yenye dhahabu. Hapo ndipo mgodi wa Golden Pride ulipoanza kuzalisha mwishoni mwa 1998, ukiwa mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu katika Tanzania ya kipindi hiki, na baada ya takriban miaka 15 ukafungwa na eneo lake kukabidhiwa Serikali. Wachimbaji wadogo walikuwapo kabla yake na wapo hadi leo. Wao huchimba maduara, yaani mashimo ya kushuka wima yanayoufuata mkanda wa mawe yenye dhahabu, huyategemeza kwa matimba ya miti, husaga mawe kwenye karasha, huosha unga wake kwenye mwalo, na mwisho huikamata dhahabu kwa zebaki. Kila hatua kati ya hizo ina namna zake za kushindwa, na wanaozijua vizuri ni wale wanaoshuka.

Katika sura yake ya kawaida, uchambuzi huu huipa kila hitilafu alama tatu za kuanzia 1 hadi 10: ukali wa athari, uwezekano wa kutokea, na ugumu wa kuigundua mapema, ambapo 10 ni hitilafu isiyoweza kuonekana kabisa. Alama hizo huzidishwa, na zao lake, ambalo haliwezi kuzidi 1,000, ndilo huamua kipi kishughulikiwe kwanza. Tuseme kikundi cha wachimbaji kinaliangalia duara wakati wa kiangazi. Kuporomoka kwa ukuta kunapewa ukali 10 kwa kuwa kunaua, kutokea 4, na kugundulika 3 kwa kuwa nyufa huonekana, na zao lake ni 120. Kukatika kwa mkanda wa karasha kunapewa ukali 4 kwa kuwa kunasimamisha kazi tu, kutokea 8, na kugundulika 4, na zao lake ni 128. Kwa hesabu hiyo, fedha ya kwanza itanunua mkanda wa karasha huku watu wakiendelea kushuka chini ya ukuta wenye nyufa.

Kasoro hii haitokani na uzembe wa waliotoa alama, bali imo ndani ya njia yenyewe. Alama hizo ni za mpangilio tu: ukali wa 8 hauna maana ya madhara maradufu ya ukali wa 4, hivyo kuzizidisha ni kuzitendea kama kilo au mita, jambo ambalo hazina uwezo wa kulibeba. Viwanda vyenyewe vimelitambua hilo, kwani mwongozo wa pamoja wa vyama vya sekta ya magari vya Marekani na Ujerumani wa mwaka 2019 uliiacha namba hiyo na kuweka mahali pake daraja za kipaumbele zinazoanza na ukali. Kwa machimbo, kanuni inayofaa ni kali zaidi: hitilafu yoyote inayoweza kuua itolewe kwenye orodha ya kushindanishwa, ishughulikiwe kabla ya mtu kushuka, na alama nyingine zitumike kupanga yale yaliyobaki.

Zebaki inaonyesha upande mwingine wa tatizo. Mchanganyiko wa dhahabu na zebaki unapochomwa juu ya moto wa wazi, zebaki, ambayo huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, hutoka kama mvuke usio na rangi wala harufu, na sehemu kubwa ya mvuke unaovutwa huingia katika damu kupitia mapafu. Mchomaji hasikii chochote siku hiyo, na mtoto aliyekaa karibu na jiko hasikii chochote pia. Mikono inayotetemeka na kumbukumbu inayopotea huja baadaye, wakati ambapo hakuna anayeihusisha na moto ule. Hapa alama ya ugunduzi ndiyo yenye uzito, kwa kuwa hitilafu isiyoonekana haiwezi kuzuiwa kwa kumwambia mtu awe mwangalifu. Inazuiwa kwa kubadili kifaa, yaani kuchomea ndani ya chungu kilichofungwa chenye bomba linaloupoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, na kwa kuhamisha uchomaji nje ya makazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini ridhaa ya nchi haimfikii mchomaji mpaka mtu auandike moto wake kama hatua ya kazi yenye namna yake ya kushindwa.

Tukio la Nyangalata, wilayani Kahama, linafundisha jambo ambalo majedwali mengi ya uchambuzi huu hulisahau. Tarehe 5 Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41, mmoja akiwa amefariki. Uchambuzi unaoishia kwenye neno «kuporomoka» ungeliona tukio hilo kama athari moja, ilhali zilikuwa athari kadhaa zilizofuatana: njia ya kutoka kuziba, hewa kutokuwa ya uhakika, na walio juu kukosa namna ya kujua kama walio chini wanaishi. Kila moja ina kinga yake. Njia ya pili ya kutokea ni ghali, lakini daftari la wanaoshuka na wanaopanda, likiwa mikononi mwa mtu asiyeshuka, halina gharama ya kutajwa, na hata ukuta ukianguka huwaambia waokoaji watafute watu wangapi na kwenye njia ipi ya chini.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, ni mgao. Katika maduara mengi mchimbaji hapewi mshahara. Hulipwa kwa sehemu ya mifuko ya mawe baada ya mwenye leseni, mwenye duara na mfadhili kuchukua zao. Siku ya kusimamisha kazi ili kubadili matimba yaliyoliwa na mchwa ni siku ambayo kila mmoja wao anapoteza, na anayepoteza zaidi ni yule mwenye akiba ndogo. Kundi la namna hiyo likiachiwa litoe alama lenyewe, alama zitashuka bila mtu yeyote kudanganya kwa makusudi, kwa kuwa njaa nayo inapiga kura. Ndiyo sababu gharama ya matimba inapaswa kutolewa kwenye mifuko kabla ya mgao, kama inavyotolewa ile ya karasha, na neno la kusimamisha kazi liwe la mtu ambaye fungu lake halipungui kwa siku hiyo.

Jedwali la uchambuzi, likiandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti pale pale kwenye duara, lina muda wake wa uhai. Huko Nzega mvua huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili, na udongo uliosimama imara mwezi wa Septemba si udongo ule ule mwezi wa Januari, maji yakishaingia kwenye nyufa na kuongeza uzito nyuma ya matimba. Alama ya 4 iliyotolewa kiangazi inakuwa 8 au 9 bila mtu kugusa kitu. Jedwali lisilofunguliwa tena mvua ya kwanza inaponyesha linaeleza duara ambalo halipo tena, na mkaguzi anayelikuta na tarehe ya Agosti katikati ya masika ana sababu ya kutosha ya kuwatoa watu chini siku hiyo hiyo.