Uwanja wa Ngoma Kabla ya Chuo

Anayefika Buzwagi, kule Kahama, huonyeshwa kwanza shimo la dhahabu, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2009. Lakini katika nchi hii ya Wasukuma na jirani zao, maonyesho na mafunzo ya sanaa kwa umma yana umri mkubwa kuliko mgodi, na hata kuliko chuo kikuu cha Dar es Salaam kilichoanza 1961. Tangu karne ya 19, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, na hakimu ni umati wenyewe: kundi linalovuta watazamaji wengi ndilo mshindi. Atatokea wa kusema hizo ni ngoma tu, tena zilizotegemea dawa za mvuto. Dawa zilikuwepo, kweli. Ila Bayeye, wacheza na nyoka, walifundishana pia miti ya kutibu sumu, hatua kwa hatua, mkongwe kwa mwanagenzi. Sioni kwa nini tusiyaite hayo masomo. Padri David Clement alipojenga makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, kuanzia miaka ya 1950, hakuishia kukusanya ngoma na viti vya watemi. Wachezaji nao walipewa uwanja, wakaendelea kushindana hapo wakati wa sherehe ya Bulabo, kila Juni.