Njia ya damu katika dialisisi

Njia ya damu ni sehemu ya mwili wa mgonjwa wa figo inayotumika kupeleka damu kwenye mashine ya dialisisi na kuirudisha ikiwa imesafishwa. Mashine huhitaji mililita 300 hadi 400 kwa dakika, kwa saa 4 hivi, kwa kawaida mara 3 kwa wiki. Vena ya kawaida ya mkono haitoi kiasi hicho.

Kabla ya 1960, mishipa ilikatwa upya kila mara mpaka ikaisha, na mgonjwa ambaye figo zake zimekufa kabisa hakuwa na tumaini. Mwaka huo, mjini Seattle, Marekani, Belding Scribner alibuni mirija ya Teflon ya kubaki mkononi. Mgonjwa wake wa kwanza aliishi takriban miaka 11. Mwaka 1966, James Cimino, Michael Brescia na wenzao wa New York walitangaza fistula: ateri na vena huunganishwa karibu na kifundo cha mkono, na vena hutanuka kwa nguvu ya damu.

Kwa wagonjwa wengi fistula haina mpinzani, kwani hudumu miaka na haipati maambukizi kwa urahisi. Lakini huchukua wiki kadhaa hadi miezi kukomaa, na kwa baadhi ya wazee na wenye kisukari haikomai. Hao huwekewa grafti, mrija wa plastiki chini ya ngozi, ambao huwa tayari mapema zaidi ila huziba upesi.

Katheta, yaani mrija unaoingizwa kwenye vena ya shingoni, hutumika siku ileile, hivyo humwokoa anayefika hospitalini akiwa hoi. Kuifanya ya kudumu bila sababu ni hatari: vijidudu huingia nayo kwenye damu, na vena husinyaa. Vena iliyo chini ya mtulinga ikisinyaa, mkono mzima unaweza kupoteza nafasi ya fistula. Mishipa ya kifuani ikiziba, hutafutwa paja, kisha vena kuu ya tumboni kupitia kiunoni, au hata ini. Dialisisi ya tumboni, inayosafisha damu kwa maji yanayoingizwa tumboni, haihitaji mishipa kabisa, na inastahili kufikiriwa kabla ya kufika huko.

Mwenye figo zinazodhoofika aombe damu itolewe na dripu iwekwe kwenye mgongo wa kiganja, ili vena za mikono yake zihifadhiwe kwa ajili ya fistula. Mwenye fistula aiguse kila siku ahisi mtetemo wa damu. Mtetemo ukipotea, aende hospitali siku hiyohiyo.