Masalia ya dawa: kinachosalia mnofuni

Chupa ilikuwa na dawa kidogo chini. Mama mmoja, mfugaji wa samaki, aliinyanyua, akaitikisa, akaniuliza: "Mwalimu, mabaki ya dawa unayoyasema ndiyo haya? Mbona haya mimi namwaga."

Tulikuwa kando ya bwawa la sato, Morogoro, kwenye mafunzo ya wafugaji. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea kipeperushi nilichokitafsiri mwenyewe, na humo niliandika kwamba mabaki ya dawa yanaweza kumdhuru mlaji. Nikamweleza kuwa sisemi ya kwenye chupa, nasema dawa ambayo bado imo ndani ya samaki siku nyingi baada ya kutibiwa. Akaiweka chupa chini. "Ahaa, ile iliyomsalia mwilini."

Tangu siku ile naandika masalia, na ninaitetea istilahi hii kila ninapopata nafasi.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kitu kilichobaki. Tuna makombo na ukoko, tuna kiporo cha asubuhi, tuna mabaki ya jengo lililoungua. Haya yote huonekana kwa macho na hushikika kwa mkono. Tuna pia masazo, yatokanayo na kusaza, na kusaza kwetu ni neema: mgeni akila akasaza, mwenye nyumba hufurahi. Neno lenye baraka hiyo halifai kubeba dawa iliyojificha kwenye kitoweo.

Masalia yametoka kwenye shina lile lile, kitenzi cha zamani -saa, yaani kubaki. Kutoka hapo tukapata kusaza, ambako mtu hubakiza, na kusalia, ambako kitu hubaki mahali fulani. Ukisema kimesalia, msikilizaji atataka kujua kimesalia wapi, na hadi lini. Maswali hayo mawili ndiyo kiini cha elimu nzima ya masalia ya dawa katika samaki wa kufugwa.

Tuanze na wapi. Kijani cha malakaiti ni rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya hariri, ngozi na karatasi. Wafugaji wa samaki wakagundua kwamba inaua ukungu unaoshambulia mayai na vimelea vinavyoshambulia ngozi na matamvua, tena kwa bei nafuu, ikaenea duniani kote. Samaki akiogeshwa humo, rangi huingia mwilini, na mwili huigeuza kuwa leukomalakaiti, ambayo haina rangi kabisa. Hii hupenda mafuta, hivyo hujibanza kwenye mafuta na mnofu wa samaki kwa wiki nyingi, hata miezi. Mnunuzi atafunua matamvua, atabonyeza tumbo, atanusa, naye hataona kitu. Moto wa jikoni nao hauimalizi.

Kwa sababu inashukiwa kuleta saratani na kuharibu vinasaba, Umoja wa Ulaya, Marekani na nchi nyingine nyingi hazimruhusu mfugaji kuitumia kwa samaki wa kuliwa. Tangu mwishoni mwa 2022, kipimo cha Ulaya cha kuchukua hatua ni nusu mikrogramu kwa kilo moja ya samaki, ukijumlisha rangi yenyewe na leukomalakaiti yake. Hiyo ni sawa na nusu gramu iliyotawanyika katika tani 1,000 za samaki. Kiasi hicho hakina jicho la kukiona wala ulimi wa kukionja. Ni maabara tu inayokifikia.

Sasa hadi lini. Si kila dawa ni ya kupigwa marufuku. Zipo zilizoruhusiwa, na kila moja ina siku za kusubiri, yaani muda kati ya dozi ya mwisho na kuvua, ili masalia yashuke chini ya kiwango kinachokubalika. Kwa ng'ombe wa maziwa wafugaji wetu wanalijua jambo hili: akichomwa sindano, maziwa hayauzwi mpaka siku zitimie. Kwa samaki kuna jambo la ziada. Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake huenda kwa joto la maji, na dawa hutoka haraka kwenye maji ya vuguvugu kuliko kwenye maji ya baridi. Ndiyo maana Ulaya ilizoea kuhesabu joto na siku kwa pamoja. Kwa dawa isiyo na muda wake maalumu kwa samaki, kanuni ilitaka angalau 500: zidisha nyuzijoto za maji kwa idadi ya siku. Maji ya nyuzijoto 10 yanadai siku 50. Maji ya nyuzijoto 25 yanadai siku 20. Dawa ni ile ile, ila maji ndiyo yanayopanga subira. Kijani cha malakaiti hakimo katika hesabu hii, kwa kuwa hakijawekewa kiwango salama cha kusubiriwa.

Sokoni husikika neno jingine: samaki wa dawa. Neno hili linaumiza pande mbili. Linamchafua mfugaji aliyetibu kwa halali akasubiri siku zake, na linamficha yule aliyetumia rangi iliyokatazwa, kwa kuwa wote wawili linawatia kapu moja. Linataja dawa na kunyamaza kuhusu mahali na muda.

Anayesema masalia analazimika kuuliza: ametibiwa kwa dawa gani, imesalia kiasi gani, na siku zimetimia? Kipeperushi kile nilikiandika upya, na chini kabisa nikaacha mistari mitatu mitupu ya kujazwa kwa kalamu: jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, joto la maji.