Mashine Yako, Ufunguo Wao

Kibanda cha kwanza cha gemu nilichokijua kilikuwa nyuma ya kinyozi. Mabati juu, televisheni mbili nene za zamani, PlayStation 2 mbili, na benchi moja ambalo uliketi ukiwa umebanwa pande zote na wasee waliokuzidi umri. Mechi moja ya FIFA ilikuwa shilingi kumi. Ukifungwa, unampisha mwingine. Diski zilikuwa zimeandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito, na mashine zenyewe zilikuwa zimefunguliwa na fundi zikatiwa chipu ili zikubali diski za kunakiliwa.

Hakuna aliyeuliza kama hiyo ni halali. Tulichojua ni kwamba mwenye kibanda alinunua mashine kwa pesa zake, na akiamua kuifungua kwa bisibisi, hiyo ni shauri yake.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba swali ambalo sisi hatukuuliza, wengine walipelekana nalo kortini. Kisa ninachotaka kusimulia ni cha mashine iliyofuata ile yetu, PlayStation 3. Kilianza kama ugomvi kuhusu nani ana haki ya kufungua mashine aliyoinunua. Kabla hakijaisha, majina, anwani na tarehe za kuzaliwa kutoka akaunti zipatazo milioni 77 zilikuwa zimeibwa. Watu huzungumzia kinga ya kunakili na faragha kama mada mbili tofauti. Kisa hiki kinaonyesha jinsi moja inavyoweza kumvuta mwenzake.

*

PlayStation 3 iliingia sokoni Novemba 2006. Marekani, ile ya bei ya juu iliuzwa dola 599, pesa nyingi kwa mashine ya gemu. Lakini Sony ilikuwa na jibu kwa waliolalamika: hii si ya gemu peke yake. Ndani yake kulikuwa na sehemu iliyoitwa OtherOS, iliyokuruhusu kuweka Linux na kuitumia mashine kama kompyuta ya kawaida. Sony iliitangaza kama mojawapo ya sifa za mashine, na wapo walioinunua kwa sababu hiyo.

Wengine waliichukulia kwa uzito sana. Jeshi la Anga la Marekani lilinunua PlayStation 3 zipatazo 1,760 na kuziunganisha kwenye maabara yake huko Rome, New York, zikawa kompyuta moja kubwa iliyoitwa Condor. Ndiyo, mashine ileile ambayo mtoto wa jirani angeichezea Tekken.

Kwa miaka mitatu mashine hiyo haikuvunjwa. PlayStation ya kwanza na ya pili zilikuwa na biashara nzima ya chipu, kutoka Hong Kong hadi River Road, lakini hii ya tatu iliwashinda mafundi. Halafu mwezi Januari 2010 kijana mmoja wa Marekani, George Hotz, akatangaza kwamba amepenya. Alikuwa na miaka 20, na tayari alikuwa na jina: akiwa na miaka 17 ndiye aliyeifungua iPhone ili itumike na mtandao wowote wa simu. Kwenye PlayStation alipitia mlango ambao Sony yenyewe iliuacha wazi, yaani huo huo wa Linux.

Sony ingeweza kuziba ufa na kuendelea. Badala yake iliamua kung'oa mlango mzima. Mwisho wa Machi ilitangaza kwamba tarehe 1 Aprili 2010 kutatoka sasisho nambari 3.21, na sasisho hilo litaiondoa OtherOS kwenye mashine zote zilizokuwa nayo. Wengi walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Haukuwa mzaha.

Hulazimishwi, kampuni ilisema. Unaweza kukataa sasisho. Ila ukikataa, huingii tena kwenye mtandao wa PlayStation kucheza na wenzako, na gemu mpya zinazohitaji sasisho hazitafunguka. Kwa hiyo mtu aliyelipia vitu viwili aliambiwa achague kimoja. Fikiria umenunua nyumba yenye vyumba viwili, halafu miaka mitatu baadaye aliyekuuzia anakuja kukuambia: chagua, chumba cha kulala au maji ya mfereji. Mashine iko sebuleni kwako, risiti iko kwenye droo yako, lakini ufunguo uko Tokyo.

*

Desemba mwaka huohuo, wadukuzi walikutana Berlin kwenye mkutano wao wa kila mwaka, wa 27. Kundi linaloitwa fail0verflow lilipanda jukwaani likiwa na hoja rahisi. PlayStation 3 haikukaa salama miaka hiyo yote kwa sababu kufuli lake lilikuwa gumu kupita yote. Ilikaa salama kwa sababu wenye ujuzi hawakuwa na haja ya kuivunja. Walikuwa na Linux yao, wametulia. Sony ilipoiondoa, iliwapa sababu. Na walipoangalia kufuli lenyewe kwa makini, walikuta kosa la kuchekesha.

Nitalieleza kwa lugha ya kawaida. Kila programu inayokubaliwa na mashine lazima iwe na sahihi ya kidijitali ya Sony. Ili kutia sahihi, kompyuta ya Sony inatumia ufunguo wa siri pamoja na nambari ya kubahatisha, na nambari hiyo lazima ibadilike kila mara. Sony haikuibadilisha. Ilitumia nambari ileile kila mara. Ukiwa na sahihi mbili zilizotumia nambari moja, unapata milinganyo miwili yenye vitu viwili usivyovijua, na hapo ni hesabu ya sekondari tu: unatatua, ufunguo wa siri unatoka. Mamilioni ya dola ya usalama yaliangushwa na aljebra.

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 2011, Hotz aliweka kwenye tovuti yake ufunguo mkuu wa mashine hiyo. Februari kukatokea kituko: akaunti ya Twitter ya Kevin Butler, mhusika wa matangazo ya PlayStation, ilitumiwa ufunguo huo na mtu, na aliyeiendesha akausambaza kwa wafuasi wake wote akidhani ni mambo ya mchezo wa manowari. Siri ambayo kampuni ilikuwa inawashtaki watu kwa kuitangaza ikatangazwa na kampuni yenyewe.

*

Tarehe 11 Januari 2011 Sony ilikuwa imeshaenda mahakamani California. Silaha yake kuu ilikuwa DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998. Sheria hiyo haikatazi kunakili tu. Inakataza pia kuvunja kufuli linalozuia kunakili, na kusambaza chombo cha kulivunja, hata kama wewe mwenyewe hujanakili chochote. Ajabu ni kwamba Julai 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa imetoa ruhusa ya watu kufungua simu zao. Mashine za gemu hazikutajwa. Kwa hiyo kijana yuleyule, kwa ujuzi uleule, alikuwa sawa kwenye iPhone na mkosaji kwenye PlayStation.

Sasa hapa ndipo kisa kinapogeuka. Hotz aliishi New Jersey, Sony ilifungua kesi California, na mawakili wake wakauliza: kwa nini tuko hapa? Ili kuonyesha kwamba kijana huyu alikuwa na watu wa kutosha California, Sony iliomba kupewa anwani za IP za watu waliotembelea tovuti yake, si tangu alipotoa ufunguo, bali tangu Januari 2009. Iliomba pia taarifa kutoka Twitter, Google na YouTube. Mwezi Machi hakimu aliruhusu.

Soma hapo tena. Mtu aliyefungua ukurasa tu kwa kutaka kujua, mwanafunzi, mwandishi wa habari, yeyote, alama yake iliingia kwenye faili la kesi ya hakimiliki. Ombi la kulinda gemu lilizaa orodha ya wasomaji.

Kesi yenyewe haikufika mbali. Pande mbili ziliafikiana tarehe 31 Machi, zikatangaza Aprili 11. Hotz hakukiri kosa lolote, ila alikubali kutogusa tena bidhaa za Sony. Lakini kabla ya tangazo hilo, kundi la Anonymous lilikuwa limekasirishwa na habari za zile anwani za IP, likaanza kushambulia seva za Sony. Baada ya siku chache likasimamisha, kwa sababu waliokuwa wanaumia ni wachezaji. Fahali wawili wakipigana, unajua ni nini huumia.

*

Kati ya tarehe 17 na 19 Aprili 2011, mtu aliingia kwenye seva za mtandao wa PlayStation. Tarehe 20 Sony ilizima mtandao wote. Haikuwaambia wateja sababu kamili mpaka tarehe 26. Siku sita. Halafu ikakiri: majina, anwani za nyumbani, barua pepe, tarehe za kuzaliwa, nywila. Namba za kadi za benki zilikuwa zimesimbwa, lakini kampuni haikuweza kuondoa uwezekano kwamba nazo zimechukuliwa. Mtandao ulirudi katikati ya Mei. Sony iliweka makadirio ya hasara kuwa yen bilioni 14, na Mei 1 wakubwa wake waliinama mbele ya kamera Tokyo kuomba radhi.

Sony ilisema ilikuta faili kwenye seva lenye jina la Anonymous. Anonymous walikana. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba wizi huu ulikuwa kisasi cha kesi ya Hotz. Ninachoweza kukuambia ni kile Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza ilichokisema Januari 2013 ilipoitoza Sony faini ya pauni 250,000: shambulio hilo lingeweza kuzuiwa kama programu zingekuwa zimesasishwa.

Kampuni iliyowalazimisha wateja kusasisha mashine zao au wafungiwe nje, seva zake zenyewe hazikuwa zimesasishwa. Kufuli la gemu lilikuwa na mawakili, mahakama na sheria ya mwaka 1998 nyuma yake. Data yako haikupewa ulinzi huo. Na Septemba 2011, miezi michache baada ya wizi, Sony ilibadilisha masharti ya mtandao wake: ukikubali, unaachilia haki ya kujiunga na wenzako kuishtaki kwa pamoja. Walioshtaki kuhusu kung'olewa kwa Linux walisubiri hadi 2018 kesi yao iishe, kwa mfuko wa dola milioni 3.75 na malipo yasiyozidi dola 65 kwa mtu.

*

Sisemi kwamba kunakili gemu ni sawa. Kuna watu wanaokaa miaka wakitengeneza kazi hizi, na siku hizi wengine wako hapa Nairobi. Hata Sheria yetu ya Hakimiliki inakataza kukwepa kinga za kiteknolojia, kwa hiyo kile kibanda nyuma ya kinyozi kilikuwa upande mbaya wa sheria na sote tuliokalia lile benchi pia. Ninachosema ni kwamba kila kufuli lina upande wa ndani na upande wa nje, na ni vizuri kuuliza wewe umewekwa upande gani.

Sisi Wakenya tuna sehemu yetu ya kuchekesha katika hadithi hii. Ukifungua akaunti ya PlayStation unaulizwa nchi yako, na Kenya haiko kwenye orodha. Kwa hiyo watu hapa hujiandikisha kama wakaaji wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na anwani waliyoitoa mtandaoni. Mwizi akichukua orodha hiyo leo, atapata wasee wa Umoja na Kayole wanaoishi Johannesburg. Kutengwa kwetu kulitufundisha kudanganya fomu, na kudanganya fomu kukawa ulinzi ambao mteja mwaminifu wa Ohio hakuwa nao. Si ulinzi wa kujivunia. Barua pepe bado ni yako, na nywila bado ni ileile unayotumia kila mahali.

Kisheria tumesonga. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshikilia data yako amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua imevuja na kuna hatari ya kweli ya madhara. Saa 72 ni siku tatu. Sony ilichukua sita kuwaambia wateja wake. Sheria hiyo ingekuwa imewabana. Lakini sheria haina msaada mkubwa kama hatuulizi, na sisi ni wepesi wa kutoa namba ya kitambulisho kwa kila mwenye daftari mlangoni.

Juzi nilipita pale kwa kinyozi. Kibanda bado kipo, ila mashine sasa ni PlayStation 4 na hakuna chipu wala kalamu ya wino mzito. Mechi si shilingi kumi tena. Kijana anayekiendesha aliwasha mashine, ikaleta ukurasa mrefu wa masharti mapya. Wateja wanne walikuwa wanasubiri kwenye benchi. Alishuka hadi chini kwa kidole gumba, akabonyeza kukubali, akampa wa kwanza kidhibiti.

Nilitaka kumuuliza amekubali nini. Halafu nikakumbuka kwamba asubuhi ile simu yangu iliniuliza kitu kama hicho, na mimi pia nilishuka hadi chini.