Magari ya zimamoto yaliyotupwa: jinsi ya kuyatafutia asili yake

Gari la zimamoto halifi siku moja. Kwanza betri hukataa, likasukumwa ukutani lisizuie njia. Halafu gari jengine likikosa spea, fundi huja na spana akachukua anachokitaka. Mwaka wa pili mipira ya maji haipo, wa tatu pampu haipo, kwa sababu ndani ya pampu mna shaba na shaba ina bei. Majani yakishafika madirishani, watoto wa mtaa hulijua kama mahali pa kujificha tu, na hata mlinzi wa yadi hajui lilikuja lini.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiyafuatilia magari haya kwa daftari, tochi na brashi ya waya. Nyumbani wananicheka, wasema ningefuatilia kiwanja ningekuwa mbali. Lakini mji uliolinunua gari la zimamoto uliamua jambo zito, kwamba nyumba ya jirani ikiungua ni shida ya wote. Nataka kujua nani aliamua, lini, na kwa pesa za nani. Makaratasi hayasaidii sana. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kuzima moto, na mwaka 2013 mabaraza ya miji yalipokwisha, mafaili yalihama na si yote yaliyofika. Magari yalibaki palepale yalipokuwa.

Anza na mabamba. Gari la zimamoto kwa kawaida ni kazi ya mafundi wengi: kampuni moja hutoa chesisi na injini, ya pili hujenga bodi, ya tatu hutengeneza pampu, na kila moja huacha bamba lake dogo la chuma. La chesisi mara nyingi hupigiliwa ndani ya kabini au kwenye ukuta wa injini, la bodi karibu na mlango, la pampu kwenye pampu yenyewe. Usilikwangue kwa kisu. Paka chaki, futa kwa kitambaa kikavu, namba itajitokeza. Piga picha na la kushoto na la kulia, kwa sababu safari ya pili huenda ukakuta mtu ameshaling'oa.

Bamba likikosekana, tazama vioo. Huko Uingereza, hasa tangu miaka ya 1980, ilikuwa desturi kuchora namba ya gari kwenye vioo ili wezi wasifaidi. Gari huja huku, hupewa namba ya Kenya na rangi mpya, lakini namba ya kwanza imo kiooni bado. Namba hiyo husema mwaka: kuanzia 1963 Waingereza waliweka herufi ya mwaka mwishoni, na kuanzia 1983 wakaihamishia mwanzoni. Namba zetu pia zina lugha yake. Herufi tatu na tarakimu bila herufi nyuma ni usajili wa kabla ya karibu 1990, na GK ni mali ya serikali kuu, wala si ya baraza la mji. Hapo umeshajua ofisi ya kuanzia.

Mwaka wa kuzaliwa ni nusu ya habari. Mwaka wa kufa husomwa kwenye magurudumu. Tairi iliyotengenezwa kuanzia 2000 ina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2309 ni wiki ya 23 ya 2009. Gari lililosimama na tairi hizo halikusimama kabla ya hapo. Ukiongeza stika ya bima kwenye kioo cha mbele, ikiwa jua halijaifuta, unaweza kukaribia hata mwezi.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukipita, nacho ni vichwa vya mipira, pale bomba linapoungana na pampu. Kiungo cha Kiingereza kina dume na jike. Kimoja huingia ndani ya chenzake kikajifunga. Kiungo cha Storz, cha Wajerumani na majirani zao wengi, nusu zote mbili zinafanana. Wamarekani nao wana nyuzi za kuzungusha. Kwa kuangalia tu tundu la pampu utajua gari lilifuata desturi ya nchi gani, hata kama bodi imepakwa rangi mara tano.

Na hapo ndipo penye jibu la kwa nini magari mengi ya msaada hufa mapema. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliungua majengo zaidi ya 1,500. Vikosi vilikuja na treni kutoka Washington, Philadelphia na New York, na vyengine vikasimama mikono mitupu kwa sababu mipira yao haikuingia kwenye mabomba ya Baltimore. Sasa fikiria baraza linalopewa gari moja la Uingereza, moja la Ujerumani, na jengine lililonunuliwa Japani. Kila moja lataka vichwa vyake, chujio zake, fundi wake. Gari zima kabisa hutupwa kwa kukosa pete ya mpira ya shilingi chache. Mimi huwa silaumu madereva nikiona yadi imejaa.

Gari ninalopenda kulieleza kwa urefu ni Bedford la kijani ambalo Waingereza waliliita Green Goddess. Chapa ya Bedford wazee wetu waijua vizuri. Malori yake yalibeba kila kitu pwani hii, na nembo yake ilikuwa yule mnyama nusu tai nusu simba wa kampuni ya Vauxhall. Green Goddess yalijengwa kati ya 1953 na 1956 kwa ajili ya kikosi cha akiba cha zimamoto, Auxiliary Fire Service, na hofu yenyewe ilikuwa bomu la nyuklia. Waingereza walipiga hesabu kwamba mji ukipigwa mabomba ya maji yatakatika, kwa hiyo yatahitajika magari ya kuvuta maji mtoni au ziwani na kupokezana mpaka mjini.

Ukijua hivyo, gari lenyewe unalielewa. Pampu yake ilisukuma takriban galoni 900 hadi 1,000 kwa dakika, lakini tangi lilikuwa la galoni 300 au 400 tu. Ukiifungua yote, tangi limekauka hata nusu dakika haijatimia. Kazi yake haikuwa kubeba maji. Kikosi hicho cha akiba kilivunjwa 1968, bomu halikuja, na magari yakawekwa maghalani yakitunzwa na kuwashwa. Wazimamoto walipogoma mwishoni mwa 1977 wanajeshi waliyatoa, na mgomo wa 2002 yakatoka tena, yakiwa yamekaribia miaka 50 na yangali na injini za petroli za enzi hizo. Baada ya hapo serikali yao iliamua kuyauza. Mengine walinunua wapenzi wa magari ya kale, na kadiri ya 40 yalikwenda kwa vikosi vya nchi zinazoendelea, hasa Afrika. Kwa hiyo ukikuta Bedford lenye pua fupi ya kijeshi, chini ya rangi nyekundu iliyobabuka mna kijani kilichokoza, usidhani ni lori la jeshi lililogeuzwa. Kwangua kidogo pembeni, pasipoonekana, uhesabu matabaka ya rangi. Gari hilo huenda lilizeeka likingoja vita kabla halijaanza kuzimia watu moto.

Dennis wa Guildford ni rahisi zaidi, kwa sababu kumbukumbu za kampuni hiyo zimehifadhiwa Surrey History Centre, mjini Woking. Ukiwa na namba ya chesisi unaweza kuwaandikia. Na kama paa lina kikalio cha kengele badala ya king'ora, hilo kwa Uingereza ni la kabla au la katikati ya miaka ya 1960, ving'ora vya sauti mbili vilipokuwa vikiingia.

Huku kwetu, nyaraka za zamani za serikali ziko Nairobi, Kenya National Archives, Moi Avenue. Omba kumbukumbu za vikao vya baraza la mji wako, ukitafuta bajeti na zabuni. Usitafute neno zimamoto peke yake.

Wazee waliofanya kazi vikosini ndio hazina kubwa, na wanatutoka. Ukimwendea mzee usimuulize mwaka. Msalimie, kaa, mruhusu aanze anapotaka, kisha muulize gari hilo lilikuja kwenye moto gani mkubwa, na dereva wake wa kwanza alikuwa mtoto wa nani. Mzee akisema walikuwa wakivuka kwa daraja lililokuwa likielea kwenda Nyali, umepata kabla ya 1980, mwaka lilipofunguliwa daraja la sasa. Akisema mwaka wa mvua za El Niño, ni 1997 au 1998. (Ndugu zetu wa Lamu mji wa kale watatucheka kwa mazungumzo haya yote, vichochoro vyao haviruhusu hata pikapu, na moto ukishika makuti dua na ndoo hutangulia.)

Haraka yangu inatokana na wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwanzoni mwa 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya wizi wa vyuma vya miundombinu, kisha ikaruhusiwa tena. Gari lisilo na historia huhesabiwa kwa kilo. Sheria ya turathi ya 2006 hulinda kama kitu cha kale kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na ina kifungu cha milango yetu ya kuchonga, lakini gari la 1954 halimo mpaka waziri alitangaze. Hata hivyo, sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015 haisemi mnada peke yake. Taasisi ya umma yaweza kuhamishia mali yake kwa taasisi nyengine ya umma, na makumbusho ya taifa ni taasisi ya umma. Barua inayoomba hivyo haina budi kufika kabla tangazo la mnada halijatoka gazetini, ikiwa na namba ya chesisi, picha za mabamba, na ukurasa mmoja wa maneno ya mzee aliyeliendesha.